Glasi ya Mjomba

Mjomba alipotuma ujumbe kwamba Jumamosi angeteremka mjini na angepita kwetu, mama aliishika simu yangu akausoma ule ujumbe mara mbili tatu, kana kwamba maneno yangeongezeka. "Nitapita kwa dada Jumamosi mchana. Nina neno." Basi, hakuna zaidi. Mama akaniuliza neno gani. Nikamwambia mimi si mpiga ramli, angoje Jumamosi. Nilimjibu vibaya kwa sababu roho yangu nayo haikuwa imetulia.

Ukweli ni kwamba neno lenyewe tulilijua. Tangu baba afariki, mama alikuwa anaishi nami hapa Kihonda, na kadiri miaka ilivyokwenda ndivyo alivyozidi kuitaja Kinole, kijijini kwao mlimani. Joto la mjini lilimchosha, miguu ilimvimba, na asubuhi akitoka kufagia uwanja alikuwa anasimama na fagio mkononi akiitazama milima, mpaka namwuliza kama anafagia au anakagua mawingu. Alitaka kurudi kwao. Si kwenda kutembea, kurudi kabisa, ajenge kijumba kwenye kipande cha shamba ambacho bibi, mama yake mzazi, alimwonyesha tangu akiwa msichana, pale penye minanasi na mikarafuu michache juu ya kijito. Kwetu Waluguru ardhi inafuata upande wa mama, kwa hiyo kile kipande kilikuwa haki yake. Ila haki ya mwanamke kwetu husemewa na ndugu yake wa kiume, na ndugu wa kiume wa mama ni mmoja tu, mdogo wake, huyu mjomba wangu. Mama alikuwa amemtumia salamu za kumwomba. Bila kauli yake, angefika Kinole akasimama barabarani na mabegi yake, na hakuna ambaye angemwambia karibu.

Na mjomba alikuwa hajatia kitu chochote kinywani nyumbani kwetu tangu bibi alipofariki.

Hilo nalo lina habari yake. Bibi alikuja mjini kutazamwa macho, akakaa kwetu wiki nzima, akala akashiba, akarudi Kinole na miwani yake mpya anaringa. Siku chache baadaye tumbo likaanza kumsumbua, akawa anatapika. Ilikuwa masika, mvua haikatiki. Tulipigiwa simu asubuhi kuambiwa amefariki, na njia ya kupanda kutoka Mkuyuni ilikuwa tope tupu, tukafika watu wameshatoka kuzika. Mama alikuwa bado hajavua viatu pale uani wakati mjomba alipomwuliza, mbele ya waombolezaji wote, "Dada, ulimpa nini mama?" Hakuongeza neno na hakuhitaji kuongeza. Mama alipoingia jikoni kusaidia, wanawake walimwondolea mwiko mkononi kwa upole wakamwambia apumzike. Sufuria aliyokuwa ameikoroga haikupakuliwa. Tuliondoka siku ileile, na mama hakukanyaga Kinole tena, hata kaburi la mama yake hakuwahi kuliona.

Mimi nilitaka kumjibu mjomba palepale. Mama alinibana mkono akasema mjomba hajibiwi. Nilinyamaza, lakini nilinyamaza kama sufuria yenye kifuniko, na miaka yote iliyofuata nilikuwa nikiyapanga kichwani maneno ambayo ningemwambia siku nikipewa nafasi.

Sasa, kwetu kuna desturi. Mtu akikupa kinywaji anaonja kwanza yeye mbele yako, funda moja tu, ndipo anakukabidhi. Maana yake ni kwamba kama ndani kuna kitu, kimeanza na mimi. Watu wengi wa mjini wameiacha, wanamimina chai na kukusukumia kikombe, lakini mtu mzima wa mlimani anakutazama midomo kabla hajanyoosha mkono. Kwa hiyo Jumamosi ile haikuwa habari ya maneno. Mjomba akinywa kwetu, yale ya msibani yamefutika na mama anarudi nyumbani. Asipokunywa, hata akikaa na sisi mpaka jua lizame akitueleza bei ya karafuu, jibu tumeshalipata.

Mimi nilishauri maji ya chupa. Yamefungwa kiwandani, kifuniko anafungua mwenyewe, kesi imekwisha. Mama aliniangalia kama nimemtukana. Alisema akimpa ndugu yake maji ya dukani atakuwa amekiri. Kinywaji lazima kitoke mikononi mwake, tena kiwe kitamu kuliko vyote anavyovijua, na kitamu kuliko vyote anavyovijua mama ni zile soda zangu za aiskrimu.

Nilijifunza kuzitengeneza mtandaoni, kisha nikaziharibu na kuzitengeneza upya kwa namna yangu. Nachemsha maziwa na sukari na kastadi kidogo, nayaacha yapoe, nayaweka kwenye friza ndani ya kopo la plastiki, na kila baada ya muda nayatoa nayakoroga kwa uma ili yasigande yakawa jiwe. Matunda nayatengeneza pembeni yawe rojo zito. Wakati wa kuandaa, rojo linatangulia chini ya glasi ndefu, yanafuata mabonge mawili ya aiskrimu, halafu soda nyeupe, ile isiyo na rangi, naimimina polepole ubavuni mwa glasi. Ukiwa na haraka povu linapanda linamwagikia mezani na wageni wanakuona mshamba. Ikitulia, mama huichukua glasi yake, hukaa nayo barazani na kijiko, na kwa muda huo hataki kuulizwa kitu na mtu.

Pasheni halina matatizo. Nanasi ndilo lenye masharti. Nanasi bichi halipatani na maziwa, ukiyachanganya yakakaa saa kadhaa maziwa yanakuwa machungu, uchungu unaoganda kooni. Niliwahi kumwaga kopo zima kabla sijajua kwamba dawa yake ni kulichemsha nanasi kwanza mpaka litokote vizuri. Nilimweleza mama, akaguna. Alisema amezaliwa kwenye minanasi na hajawahi kuona nanasi chungu, labda la mtandaoni.

Ijumaa nilitengeneza makopo mawili. Moja nikaliacha jeupe, la kuliwa na pasheni. La pili nikalichanganya na nanasi nililolichemsha, kwa sababu mjomba ni mtu wa nanasi, na mama alitaka glasi yake iwe nanasi ndani na nanasi chini. Jumamosi asubuhi nikaenda sokoni kutafuta soda na mirija. Nikiwa huko, mama alifungua kopo la nanasi akaonja. Haya aliniambia baadaye, yakiwa yameshatokea. Aliona lina harufu ya jemu. Alitaka ndugu yake akiinama tu kwenye glasi anuse Kinole. Akachukua nanasi bichi alilonunua kwa wanawake wanaoteremsha matunda kutoka huko, akalikwangua, akalichanganya lote humo, akafunga kifuniko na kulirudisha kwenye friza. Hakuniambia kwa sababu alijua nitalalamika. Dakika chache baadaye umeme ukakatika, aiskrimu ikalainika kwa nusu ya asubuhi, na lile nanasi likapata muda wa kufanya kazi yake.

Niliporudi umeme ulikuwa umerudi na kopo limeanza kushika tena. Sikuonja. Nililionja Ijumaa likawa zuri, ningelionja tena la nini.

Mjomba aliingia baada ya adhuhuri, akiwa na mama mdogo, binti wa dada yake bibi, ambaye yeye alikuwa anakuja kwetu mara kwa mara na alikuja siku hiyo kama shahidi. Nilimpa mjomba shikamoo, akaitikia akiangalia ukuta. Kitu cha kwanza nilichokiona ni mikono yake. Mtu wa Kinole hateremki mikono mitupu. Hata kama amegombana na dunia nzima atabeba mkungu wa ndizi au viungo kidogo kwenye karatasi, na mjomba hakuwa amebeba kitu. Mama naye aliona. Alimkaribisha kiti cha ndani, chenye mto, lakini mjomba akakaa kile cha karibu na mlango, akauliza habari za hapa, akaambiwa nzuri.

Mazungumzo yalikuwa ya kuokoteza. Mvua zimechelewa, barabara imechongwa lakini itaharibika tena, fulani kaoza binti. Mama mdogo ndiye aliyekuwa akiyabeba yote peke yake, masikini, anamgeukia huyu anamgeukia yule. Neno ambalo mjomba alisema analo halikutoka. Mama alinipa ishara kwa macho, tukaingia jikoni.

Nilitaka kuandaa mimi, akakataa, akasema niwe namshikia tu glasi. Soda ya kwanza aliimimina kwa haraka, povu likatushinda, tukafuta, tukaanza upya. Tukatengeneza tatu za pasheni, ya mama mdogo, yangu na yake, na moja ya nanasi. Zilipendeza. Kabla hajaibeba sinia nilimnong'oneza asisahau kuonja. Akaniuliza kama namfundisha kazi.

Alimwekea kila mtu glasi yake kwenye meza ndogo mbele yake. Alipofika kwa mjomba alipiga goti kidogo, yeye mkubwa mbele ya mdogo wake, na hilo liliniuma. Kisha akarudi kwenye kiti chake, akachukua glasi yake mwenyewe, akapiga funda mbele ya watu wote, akasema karibuni.

Alikuwa ameonja ya kwake.

Najua ilivyotokea. Kwa kawaida kinywaji kinatoka chombo kimoja, birika moja au mtungi mmoja, anayeonja anaonja kwa niaba ya wote. Hizi soda kila moja inajitegemea kwenye glasi yake, na juu ina aiskrimu na mrija, ukiionja ya mgeni umeibomoa. Kwa hofu aliyokuwa nayo mama alifuata desturi kama mkono ulivyozoea, na mkono ukachukua glasi iliyo karibu. Yake ilikuwa na rangi ya chungwa na mbegu nyeusi zinaelea. Ya mjomba ilikuwa njano iliyopauka. Mtoto mdogo angeona kwamba hazikutoka sehemu moja.

Mama mdogo alishaanza kuvuta mrija na kusifu. Mjomba hakuigusa yake. Aliitazama, akaitazama ya mama, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa mbona yake peke yake ni tofauti. Mama akamjibu kwamba ni nanasi, nanasi la nyumbani, kamwekea yeye. Alijibu akitabasamu, na bado alikuwa hajajua alichokosea.

Nilikuwa nataka kuinuka niionje mimi ile glasi, nichote hata kwa kidole, lakini mjomba alikuwa ameshachukua kijiko. Nadhani aliona aibu kwa mama mdogo. Akachota kidogo pembeni, akatia mdomoni. Akameza, akakirudisha kijiko mezani taratibu, akakilaza vizuri kabisa.

"Ni chungu," akasema.

Mama alisema haiwezekani. Mimi nikajua saa ileile, na badala ya kunyamaza nikaanza kueleza. Nikasema ni nanasi, nanasi bichi na maziwa, lakini mimi nililichemsha, sasa sijui imekuwaje. Mama akasema aliongeza bichi asubuhi, mimi nikiwa sipo. Nikamgeukia mjomba nikamwambia si kitu kibaya, ndani ya nanasi kuna kemikali inayokula maziwa. Kati ya maneno yote ya Kiswahili nikachagua kemikali. Mama mdogo aliusogeza mrija mbali na midomo yake, akaiweka glasi chini.

Mjomba alisimama. Alimwambia mama mdogo waondoke, halafu akamwambia mama kwamba neno alilokuja nalo limeshajijibu lenyewe. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza sauti, ningejua pa kuanzia.

Mama aliinuka, akavuka chumba, akaichukua ile glasi ya njano mbele ya kiti cha mjomba. Akautoa mrija akauweka mezani. Akainywa. Hakunywa funda, aliinywa yote, aiskrimu na rojo na kila kitu, akisimama kupumua na kuendelea, na uso wake ukakunjamana kwa ule uchungu mpaka machozi yakamlenga. Alipomaliza alijifuta mdomo kwa ncha ya khanga.

"Kaa chini," akamwambia mjomba. "Unangoja nife. Basi ngoja ukiwa umekaa."

Mjomba akakaa. Aliyemwambia alikuwa dada yake mkubwa. Mama naye akarudi kwenye kiti chake, akaweka mikono mapajani, akamtazama.

Tukangoja. Sijawahi kukaa mahali pazito kama pale. Umeme ulikatika tena, feni ikazunguka polepole ikasimama, na joto la Februari likaingia kupitia mlangoni. Mama mdogo alijaribu kusema jamani haya mambo, mama akamwinulia kiganja. Aiskrimu kwenye glasi zetu iliyeyuka ikashuka ikachanganyika na pasheni. Nilijua kabisa kwamba mama hana kitu, kwamba nanasi na maziwa havijawahi kumwua mtu, na bado nilijikuta nikimkagua uso. Nilikagua rangi ya midomo yake. Mara moja alijishika tumbo, akabeua, na sisi sote watatu tukashtuka kwenye viti vyetu. Yeye hakushtuka. Hapo ndipo nilipomchukia mjomba kuliko siku zote, kwa kuwa aliweza kunifanya mimi nimtazame mama yangu mzazi kwa jicho lile.

Na nilimkagua mjomba pia. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye kofia na hakulifuta. Mwanzoni alikuwa akimtazama mama kama mtu anayeangalia chungu kiko karibu kuchemka. Baadaye akaacha kumtazama, akawa anatazama sakafu. Wakaadhini alasiri kwenye msikiti wa nyuma ya nyumba. Mama akamwambia aende akaswali tu, atamkuta. Hakuinuka. Adhana ikaisha, na mjomba akaanza kuzungumza Kiluguru, haraka na chini chini. Mimi Kiluguru changu ni cha kuombea chumvi, sikupata zaidi ya neno mama na neno mvua. Mama akamkatiza. Akamwambia aseme Kiswahili, nami nisikie.

"Dada, nilijua si wewe."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ileile."

Akaeleza. Bibi alizidiwa magharibi, si usiku kama walivyotuambia. Mwenye bodaboda wa pale kijijini alikuja mwenyewe na pikipiki yake, akasema mvua si kitu, amfunge bibi mgongoni kwa khanga mbili amteremshe kwenye kituo cha afya. Mjomba alikataa. Aliona ni aibu mama yake, mtu mzima, afungwe kwenye pikipiki kama gunia la machungwa, apite na watu wanamtazama. Akasema watangoja asubuhi wapate gari. Asubuhi gari lilikuja, limebeba sanda kutoka Mkuyuni. Watu walipoanza kujaa uani walikuwa wanauliza swali moja, kwa nini hakupelekwa, na kila mmoja aliyeuliza alimwangalia yeye. Mpaka mchana alikuwa hajapata jibu. Kisha akainua macho akamwona dada yake anaingia na tope miguuni, mtu ambaye bibi alitoka kula kwake, na lile swali la kuhusu chakula likamtoka. Alisema alipoliona limewaingia watu hakuweza tena kulirudisha. Alisema alijiambia atalirudisha arobaini ikifika, kisha akajiambia mwaka ukiisha.

"Leo nilikuja kukwambia shamba ni lako," akasema. "Njiani nikaogopa. Ukirudi watauliza mbona nimekubali. Nikawa naomba ipatikane sababu."

Nilidhani mama atauliza kuhusu shamba. Aliuliza kitu kingine, na sauti yake ilikuwa imeshuka mpaka nikainama kuisikia.

"Aliniulizia?"

Mjomba alivua kofia akaishika kwa mikono miwili. "Alikuita mpaka sauti ikamwishia. Alikuwa hataki kufunga macho. Nikamwambia yuko njiani, mama. Anakuja. Ndipo akatulia."

"Na simu ulikuwa umenipigia?"

"Hapana."

Mama hakulia. Niliyelia ni mimi, kwa hasira, na nikamwambia mjomba yote niliyokuwa nimeyapanga miaka yote ile. Nilimwambia amewalisha watu damu ya dada yake ili wasimtazame yeye. Nilimwambia mwanamke huyu ameacha kupika kwenye misiba ya majirani, hapa mjini, mahali ambapo hakuna anayeijua habari hiyo, kwa kuogopa tu kwamba mtu akiumwa tumbo ataambiwa yeye. Nilimwambia amemnyima kumwona mama yake akiwa hai na amemnyima kumwona akiwa kaburini. Nilingoja mama aninyamazishe. Hakuninyamazisha. Nilisema mpaka maneno yakaniishia, na mjomba alikaa anayapokea bila kuinua kichwa, na mama mdogo amejifunika uso kwa ushungi.

Nilipokwisha, mama alimwambia mjomba kwamba atapanda Kinole Ijumaa. Akamwambia awaite watu waliokuwa pale uani siku ile, wale waliobaki hai, wanawake wa jikoni wasikosekane. Na aliyoyasema hapa akayaseme kule.

"Watanidharau," mjomba akasema.

"Mimi walinikimbia."

Alikaa kidogo na kofia yake, kisha akasema atasema. Akaomba maji ya udhu. Mama alinituma nimletee, na mimi nilileta, ingawa mkono haukutaka.

Ijumaa tulipanda. Nilikuwa sina imani naye, nilimwambia mama njia nzima kwamba tutakuta amesafiri. Hakuwa amesafiri. Baada ya swala walikuwepo watu wengi kuliko nilivyotarajia, na mjomba alisimama uani akasema. Alisema vibaya, kwa kurukaruka, lakini alisema, pikipiki na mvua na aibu yake, na kwamba dada yake hakuwa na kosa lolote. Yule mwenye bodaboda alikuwepo, akaondoka kabla hayajaisha. Wanawake wa jikoni wengine walitazama chini na mmoja akaja akamshika mama mkono. Mimi nilihesabu alichoacha. Hakuwaambia kwamba bibi alikuwa anaita, na hakuwaambia alimjibu nini. Nilitaka kumkumbusha mbele ya wote. Mama akanitazama, nikaelewa kwamba hiyo aliitaka ibaki ya kwake.

Sijamsamehe mjomba. Mama anasema amemsamehe, na huenda ni kweli, mimi namwitikia salamu zake na kumsalimu na hapo ndipo ninapoishia.

Watu walipoanza kutawanyika, mama alimwambia mjomba amwonyeshe. Akatupeleka nyuma ya mikarafuu, akanyoosha mkono, akabaki mbali. Lilikuwa kaburi dogo, mawe yamepangwa kuzunguka na majani yameota katikati. Mama alichuchumaa. Aling'oa majani machache, akasoma Fatiha, akapangusa kiganja kwenye khanga. Nilikuwa nimesimama nyuma yake tu, kwa hiyo nilisikia.

"Mama," akasema, "nimefika."